Fundi Amesema

Mtaani hakuna aliyelijua jina lake la kwenye kitambulisho, na ungemwita kwa jina hilo huenda asingegeuka. Alikuwa Fundi Ngazi, basi. Ngazi yenyewe ilikuwa ya alumini, mguu mmoja umepinda, na aliibeba begani hata alipoitwa kwenye kazi ambayo ingeanza na kuisha akiwa amekaa kwenye kochi. Ukimuuliza ya nini, anakujibu, "Wewe ukienda kazini unaacha kichwa nyumbani?" Ndivyo alivyokuwa, mtu wa majibu.

Alianza enzi za antena, yeye juu ya bati anazungusha bomba, mwenye nyumba dirishani anapaza sauti: "Hapo hapo! Hapo! Aa, umepita, rudi!" Yakaja madishi, akajifunza madishi. Vikaja ving'amuzi, akajifunza ving'amuzi. Siku hizi ni ruta, Wi-Fi na televisheni za kisasa zinazojiona simu, naye hakuachwa nyuma. Vijana waliosomea mambo hayo chuoni walikuwa wakimpigia kumuuliza. Lakini yote tisa, kumi ni hili: alikuwa anatengeneza kwa simu. "Taa gani inawaka? Inapepesa au imetulia? Haya, chomoa, hesabu mpaka thelathini, chomeka." Mara nane kwa kumi kitu kinakubali, na mteja anakata simu huku akimwombea dua. Mtu akisifiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, tusidanganyane, kichwa lazima kivimbe.

Alikuwa pia na siri moja ya kazi. Kila nyumba aliyofunga ruta aliingia kwenye mipangilio akaweka kikomo: vifaa kumi tu. Cha kumi na moja kikija, kinakataliwa. Hakufanya hivyo kwa roho mbaya. Watu wanapenda kugawa. Unamfungia mtu mtandao leo, wiki haijaisha nywila iko kwa jirani, kwa mwenye duka, kwa shemeji wa mwenye duka, kisha anakupigia anafoka, "Fundi, mtandao wako unatambaa!" Alichoka kutukanwa. Akaweka kikomo, akakaa kimya, na malalamiko yakaisha. Wateja hakuwaambia, maana angewaambia wangemtaka akiondoe, na shida zingeanza upya.

Sasa siku simu ya Mama Pacha ilipoingia, fundi alikuwa juu ya paa la mtu mwingine, skrubu tatu zimebanwa midomoni na jua linampiga utosini. Mama Pacha alikuwa mteja wake tangu enzi za antena, mwanamke wa ofisini, mwepesi wa maneno, mama wa pacha wawili waliokuwa wamefunga chuo siku hizo na kurudi nyumbani.

"Fundi, televisheni imegoma. Inaandika imeshindwa kuunganishwa na mtandao. Simu zetu zote zinashika, yenyewe tu ndiyo haitaki."

"Nywila mmebadilisha?"

"Hatujagusa kitu. Na kinachonichanganya, Shangazi anasema mchana inashika vizuri tu. Jioni tukirudi sisi, inagoma."

Huyo Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi za nyumba ile kwa mwaka wa tisa sasa. Aliwakuta pacha wakiwa bado watoto wa shule ya msingi, wao ndio waliomwita shangazi, na jina likamganda. Fundi alimjua fika. Kila alipopanda paa la nyumba ile, yeye ndiye aliyekuja kumshikia ngazi kwa ule mguu uliopinda, akimtania, "Ukianguka usiniangukie mimi, nina watoto."

Basi fundi akatema skrubu kiganjani, akasema bila kufikiri mara mbili, "Mchana inashika, jioni inagoma? Hiyo imeingia maji. Kuna mtu anaifuta na kitambaa kibichi. Unyevu ukishaingia kule ndani, ikipata joto kidogo tu inazima Wi-Fi."

"Maji?"

"Maji, mama. Nimeziona nyingi hizo."

Nyingi wapi! Aliwahi kuona moja katika maisha yake yote, na hiyo ilikuwa imemwagiwa chai birika zima. Lakini kusema "sijui, ngoja nije nione" ni maneno yaliyokuwa hayamtoki kabisa. Akaahidi kupita, hakupita. Kazi zilimbana, akasahau, na wala hakuna aliyempigia tena kumkumbusha.

Wiki tatu zikakatika. Siku moja mchana simu ikalia.

"Fundi, leo nakutaka mwenyewe, mambo ya simuni basi. Tumenunua televisheni mpya, na yenyewe imegoma vilevile."

Akaenda saa kumi na moja jioni, ngazi begani kama kawaida. Getini alifunguliwa na mmoja wa wale pacha, yuko na soksi, simu mkononi. Sebuleni kila mtu alikuwa ameshika chake. Baba mwenye nyumba yuko na kompyuta mapajani, pacha wa pili amejilaza, mdogo wake Mama Pacha aliyekuja kukaa hapo anacheka peke yake na simu. Kochi moja lilikuwa limejaa nguo zilizoanuliwa bila kukunjwa, na juu ya kabati la vyombo vumbi lilikuwa la kuandikia jina. Fundi alilishangaa vumbi lile. Nyumba hii haikuwa ya vumbi.

"Shangazi yuko wapi leo?"

Yule pacha wa soksi akatazama sakafuni. "Hayupo."

Fundi hakuuliza zaidi. Akakaa, akaazima simu ya yule pacha, akafungua ukurasa wa ruta, akaona maandishi ambayo hakuwahi kuyaona katika nyumba ile tangu aweke kikomo kwa mkono wake mwenyewe: vifaa vilivyounganishwa, kumi kati ya kumi.

Akahesabu kwa kidole. Simu na kompyuta ya baba. Simu na kompyuta ya mama. Pacha, kila mmoja simu na kompyuta, hivyo vinne. Simu ya mdogo mtu. Kamera ya getini. Kumi kamili. Televisheni ndiyo ilikuwa ya kumi na moja. Mchana watu wanatoka na vifaa vyao, nafasi zinabaki, televisheni inaingia bila shida. Jioni wanarudi, simu zinajiunga kabla wenyewe hawajavua viatu, na televisheni ikiwashwa nafasi hakuna. Hapakuwa na maji wala unyevu. Shangazi alikuwa amesema kweli tupu, tena aliyasema yote ambayo fundi mwenye akili alihitaji kuambiwa.

Akafuta ile kumi, akaandika thelathini, akahifadhi. Televisheni ikashika papo hapo, na sebule nzima ikapiga makofi.

"Wewe mzee ni balaa!" akasema Mama Pacha. "Ilikuwa nini?"

"Mipangilio tu. Ilijivuruga kidogo."

Ilijivuruga! Hebu msikilize. Mtu mzima, mvi kichwani, anasingizia mashine.

"Na ile ya zamani tuifanyeje?" akauliza baba mwenye nyumba. "Iko stoo inakula nafasi."

"Ile si ya maji?" Mama Pacha akadakia. "Mpe fundi akang'oe vipuri. Sitaki hata kuiona, imenikosanisha na Shangazi wa watu."

"Kukosana vipi?" Fundi aliuliza, na jibu alikuwa ameshalijua.

"Si nilimwondoa! Ningefanyaje? Mwanzoni alikana, anaapa hajawahi kuipitishia kitambaa kibichi. Baba watoto akamwambia, fundi amesema. Halafu akasema, kama fundi amesema basi labda nilijisahau, nisameheni. Alikiri mwenyewe, fundi! Na lile la kusema mchana inashika, kumbe anashinda ameiwasha, ndiyo maana anajua. Miaka tisa namwamini mtu."

Hapo ndipo pa kusema. Pale pale, wote wamekaa, wote wana masikio. Fundi Ngazi akafungua mdomo wake ule wa majibu, na kilichotoka ni neno moja tu.

"Poleni."

Akabeba ngazi bega moja na televisheni ya watu kwapani, akaondoka.

Nyumbani kwake alikuwa na chumba cha mbele alichogawana na mkewe. Upande mmoja meza yake ya kazi, upande wa pili cherehani ya mkewe, mshona nguo. Akaichomeka televisheni. Ikawaka, ikauliza nywila, akaandika, ikashika. Akaizima, akaiwasha, ikashika tena. Basi mtu mwingine angeishia hapo. Yeye akaigeuza, akafungua skrubu zote za nyuma, akatoa kurunzi, akaanza kutafuta maji. Alitafuta doa. Alitafuta kutu hata ya ukubwa wa punje, chochote ambacho kingemfanya awe amesema kweli japo robo. Ndani palikuwa pakavu, na vumbi jembamba la miaka ambalo tone moja la maji lingeliachia alama. Alama haikuwapo.

"Unatafuta nini humo muda wote huo?" mkewe akauliza, mguu bado uko kwenye pedali.

Akamweleza. Alimweleza yote, mpaka kile kikomo cha vifaa kumi ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Cherehani ikasimama.

"Na wewe ukakaa kimya mbele yao?"

"Nilitaka kusema. Maneno yalinikwama."

"Hayakukukwama ulipokuwa juu ya paa."

"Ndiyo nakwambia sasa, mke wangu. Roho inaniuma."

"Mimi unaniambia ili iweje? Mimi ndiye niliyefukuzwa kazi?" Akarudi kwenye mshono wake. "Nenda ukawaambie wenyewe."

Fundi hakula vizuri siku ile. Kila alipomeza alimwona yule mwanamke amesimama mbele ya baba mwenye nyumba, anaikagua mikono yake mwenyewe akijaribu kukumbuka ni lini ilifanya kosa. Kama fundi amesema. Maneno hayo hayo ambayo miaka yote yalimpa raha akiyasikia mitaani, sasa yalimchoma.

Asubuhi alimdaka Mama Pacha getini, gari linanguruma, mkoba begani. Akasema yote kwa pumzi moja, asije akajipa nafasi ya kunyamaza. Mama Pacha alisikiliza mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa gari, uso unambadilika.

"Wewe mzee! Unajua umenifanya nini?"

"Najua, mama."

"Hujui! Mimi nilimwambia maneno." Akaketi kwenye usukani, akazima gari. "Nilimwambia maneno mabaya, fundi. Na alikuwa anafungasha huku ananielekeza dawa za baba watoto ziko droo gani."

"Twende wote basi. Tukamwombe radhi."

Mama Pacha akawasha gari tena. "Mimi nina kikao. Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye wa kwenda. Yuko kwa binti yake, nitakutumia maelekezo. Mwambie Jumatatu arudi, chumba chake hakijaguswa." Gari likaanza kurudi nyuma, kisha likasimama na kioo kikashuka. "Mwambie na mimi naumia."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Fundi Ngazi alitoka bila ngazi. Alipita mitaa aliyoijua, akaingia asiyoijua, akauliza njia mara tatu, mpaka akafika kwenye safu ya vyumba vinavyotazamana, ua mmoja, kamba za nguo zimepishana. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya chumba cha mwisho, beseni mbele yake, anafua shati. Alikuwa amekonda. Alipomwona alishtuka, akataka kuinuka na mikono yenye povu.

"Fundi! Umepatwa na nini mpaka huku?"

"Kaa, dada. Kaa tu. Hali yako?"

"Nzuri, namshukuru Mungu. Ningekukaribisha ndani, lakini mkwe wangu yuko ndani anajitayarisha kwenda kazini." Akashusha sauti, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na kusema kweli, ndani siingii sana. Mkwe wangu ana vitu vyake vya umeme, redio, televisheni. Walishasikia habari zangu. Binti yangu ananiambia, mama, wewe fanya za nje tu, macho yameanza kuchoka. Sawa. Nafanya za nje."

Fundi akachutama mbele ya beseni. Alikuwa amepanga maneno njiani, aanzie wapi, amalizie wapi, yote yakapotea.

"Haikuingia maji," akasema. "Ile televisheni. Ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeifungia, dada. Niliweka ruta ikubali vifaa kumi, pacha waliporudi vikazidi, televisheni ikakosa nafasi. Wewe hukuharibu kitu. Niliropoka tu kwenye simu, hata sikuja kuiona."

Povu likamkauka Shangazi taratibu kwenye vidole.

"Kwa hiyo mchana ilikuwa inashika kwa sababu wao hawapo," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na jioni inagoma kwa sababu wamerudi na masimu yao."

"Ndiyo, dada."

"Nilisema." Akamtazama. "Nilisema mchana inashika. Nilikuwa naiwasha robo saa nikipiga pasi, naizima. Nikamwambia mama mwenyewe, nikidhani namsaidia. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema. Uliyosema ndiyo yalikuwa kweli."

Akageuka mlangoni. "Mwanangu! Hebu njoo. Na mumeo aje."

Wakatoka, binti amejifunga khanga, mkwe shati moja mkononi na moja amevaa nusu. Wakamwamkia fundi.

"Rudia," Shangazi akamwambia fundi.

Akarudia. Safari hii alisimama, kwa sababu kusema vile amechutama mbele ya vijana aliona ni kujificha. Kila neno lilikuwa zito kuliko mara ya kwanza. Alipofika kwenye "hakuharibu kitu", binti alishika mdomo, na mkwe akaanza kufunga vifungo vya shati akivitazama kimoja kimoja.

"Mama," binti akasema, "mimi nilikwambia ukubali yaishe."

"Ulinambia. Na nilikubali. Siku ishirini na mbili nakubali. Nikilala nawaza ni siku gani nililowesha kitambaa, mpaka nikaanza kuiona hiyo siku. Nimeiona kabisa, dirisha wazi, ndoo hapa, kitambaa hapa. Siku ambayo haikuwapo."

Fundi akatamani atukanwe. Akatamani yule mkwe amshike shingo amtoe nje, ingekuwa nafuu.

"Mama Pacha anasema Jumatatu urudi," akasema. "Chumba chako hakijaguswa. Anasema na yeye anaumia."

"Yuko wapi?"

"Ana kikao."

Shangazi akatikisa kichwa taratibu. "Nilipokosa mimi aliniambia usoni, mbele ya watoto niliowalea. Amekosa yeye, ananitumia fundi?" Akachukua shati, akalizamisha kwenye beseni. "Mwambie njia uliyokuja nayo na yeye inamfaa. Akija tutaongea. Asipokuja, na hilo nitakuwa nimelijua."

"Nitamwambia. Neno kwa neno."

"Na wewe nina swali moja."

"Niulize, dada."

"Siku ile alipokupigia, mimi nilikuwa jikoni. Hatua tano. Miaka tisa unanijua. Kwa nini hukusema, hebu mpe Shangazi simu nimuulize?"

Fundi Ngazi akatafuta jibu. Alitafuta kwa nia nzuri, kila mahali alikozoea kuyatoa majibu yake, na hakupata la kusema ambalo lingeweza kusikika pale uani bila kumwongezea aibu. Kweli aliijua: hakumfikiria. Ilikuwa habari ya televisheni, na kwenye habari ya televisheni mwanamke yule hakumjia akilini isipokuwa kama mkono wenye kitambaa.

"Sikukufikiria," akasema.

Binti akaguna. Shangazi akalisugua shati kwenye kola, akalipindua, akalisugua upande wa pili.

"Nisamehe, dada yangu."

Alikamua shati mpaka tone la mwisho, akalikung'uta, akainuka kwa kushika magoti yake, akalianika na kulibana kwa vibanio viwili. Kisha akafuta mikono kwenye khanga na kumtazama.

"Nimekusikia, fundi," akasema.

Fundi akasimama pale akingoja amalizie. Shangazi akamwaga maji ya beseni mtaroni, akamwambia binti yake ampishe mlangoni, akaingia ndani.